Vita vya Ubaoni na Vita vya Kibanjani

Mwenye kutaka msiba uonekane mwepesi huuita mchezo. Vita, ambavyo ni msiba kupita misiba, vimepata heshima hiyo mara nyingi kuliko jambo jingine lolote chini ya jua. Jemadari husifiwa kuwa amecheza vema. Nchi ndogo huitwa kete ya nchi kubwa. Mpaka husogezwa katika vinywa vya watu kama mstari uliochorwa mchangani. Zamani usemi huu ulikuwa wa ofisi za wakubwa na kumbi za maafisa. Leo umeshuka mpaka mezani pa kijana wa Bukoba, ambaye akiwa na kompyuta na usiku mmoja usio na masomo anaweza kuunda dola, kuipanua, kuitangazia vita vikuu dola iliyo mshindani wake, na kuiangusha kabla ya jogoo kuwika.

Kijana huyo hana kosa la kulaumiwa. Kucheza ni haki ya ujana, na aliyechoka na kazi ana ruhusa ya kushinda vita visivyomwaga damu. Lawama ni ya wakubwa wake: walimu, waandishi na wasemaji wa siku hizi wanaomwambia kwamba alilofanya usiku ule ni kujifunza historia, kwamba ubao wa dola, uwe wa karatasi au wa kioo, humfundisha vita ni nini na nchi hushindwaje. Dai hilo limeanza kupokewa hata katika vyumba vya mihadhara. Madhali limefika huko, linastahili kujibiwa, na pahali pazuri pa kulijibia ni Kagera, nchi ambayo dola zimeichezea mara tatu katika muda usiozidi miaka 90.

Hoja za watetezi wa ubao ni tatu, na insafu yataka zitajwe kwa nguvu zake zote. Ya kwanza husema kwamba mchezo wa vita hufundisha kuona mbele: mchezaji hujifunza kupima chakula na silaha, kuchagua wakati, kumjua adui na kutopoteza watu bure. Ya pili husema kwamba mchezo hufundisha nchi na nyakati: kijana asiyeweza kufungua kitabu cha kurasa 300 huzijua mito, bandari na falme kwa sababu alizipigania. Ya tatu, ambayo ndiyo tamu kuliko zote, husema kwamba mchezo humrudishia Mwafrika heshima yake: katika michezo mingine ya leo falme za Maziwa Makuu zimo ubaoni, naye mjukuu wa watu walioshindwa anaweza kuishika hatamu ya mababu na kuyashinda mataifa yaliyowashinda.

Hoja ya kwanza ina ukweli ndani yake, na ukweli huo una tarehe. Mwaka 1812 Mprusi mmoja aitwaye von Reisswitz alitengeneza meza ya mchezo wa vita kwa ajili ya mfalme wake. Mwaka 1824 mwanawe, afisa wa mizinga, aliutengeneza upya mchezo ule kwa ramani na sheria, nao ukapokewa na wakuu wa jeshi la Prusia uwe mafunzo ya maafisa. Jamaa za mchezo ule zimeenea duniani tangu hapo. Basi ubao wa vita ulizaliwa ukiwa chombo cha kazi, na hapana shaka ulifanya kazi yake. Ulimfundisha afisa kuona mbele. Lakini kuona mbele kuna mahali kunakosimama. Afisa aliyeinamia ramani alijifunza kutazama kikosi, daraja na barabara. Hakufundishwa kumtazama mtu ambaye nyumba yake iko kando ya daraja, kwa kuwa sheria za mchezo hazikumpa mtu huyo kete. Asiye na kete ubaoni hawezi kupotea, wala hawezi kuhuzunisha. Jicho lililofunzwa hivyo huwa kali kwa upande mmoja na pofu kwa upande wa pili, na upofu wake ni wa hatari zaidi kwa sababu huongozana na ukali.

Hoja ya pili ni dhaifu zaidi. Katika ubao wa mchezo uliotolewa Ufaransa mwaka 1957 na kuenea ulimwenguni kwa jina la Risk, bara zima la Afrika limekatwa mafungu 6, na Afrika ya Mashariki ni fungu moja. Mchezaji hulitwaa kwa bahati ya dadu na kulipoteza kwa bahati hiyo hiyo, asijue kama ametwaa jangwa au migomba. Michezo ya kompyuta iliyofuata ina ramani bora mara nyingi, na watetezi wake hujivunia ubora huo. Hata hivyo jamii ya michezo hiyo ilipopewa jina mwaka 1993 na mwandishi mmoja wa Marekani, jina lenyewe lilijengwa kwa vitenzi vinne: kuchunguza, kujitanua, kunyonya na kuangamiza. Alikuwa akifanya mzaha, nao wachezaji waliupokea jinsi ulivyo. Msomaji wa Bukoba akiviweka vitenzi hivyo kwa mfuatano, ataona kwamba ni muhtasari wa miaka ambayo babu zake waliipitia bila mzaha. Aliyejifunza nchi kwa vitenzi hivyo vinne ameijua nchi kama mwizi aijuavyo nyumba: milango yake, dirisha lake bovu, na mahali panapofichwa fedha. Ni elimu, lakini si elimu ya mwenyeji.

Hoja ya tatu ndiyo iliyowalevya wengi. Mchezo uitwao Europa Universalis IV ulitolewa mwaka 2013, na baadaye uliongezewa falme za Maziwa Makuu, Karagwe miongoni mwao. Kijana huchagua Karagwe, huwatiisha jirani, hununua bunduki, na baada ya karne kadhaa za mchezo hupeleka majeshi ng'ambo. Watetezi husema: hapo ndipo mnyonge alipojikomboa katika fikira. Yafaa waulizwe: amejikomboa kutoka katika nini? Amebadili mpandaji, punda ni yule yule na mzigo ni ule ule. Karagwe ya ubaoni hushinda kwa kutenda yale yale yaliyotendwa na washindi wa Karagwe, na wanaotendewa hawana majina wala sauti kama walivyokosa zamani. Heshima ipatikanayo kwa kuruhusiwa kuwa mnyang'anyi ni heshima ya kuazima.

Na historia ya nchi hii inaonyesha kwamba tamaa hiyo si mpya. Katika miaka ya 1890 alikuwako Buhaya mtawala aliyecheza mchezo huo kwa ustadi usiopatikana kwenye kioo chochote.

Nchi ya Buhaya wakati huo ilikuwa imegawanyika katika falme kadhaa, kila moja na Mukama wake: Kiziba, Kyamutwara, Kianja, Ihangiro na nyinginezo. Karagwe, iliyompokea Speke mwaka 1861 chini ya Rumanyika, ilikuwa imedhoofishwa na magomvi ya urithi baada ya kufa kwake. Buganda ilikuwa upande wa kaskazini na mkono mrefu. Mwezi Novemba 1890 Emin Pasha, mzaliwa wa Silesia katika ufalme ule ule wa Prusia, alianzisha kituo cha Wajerumani ufukweni pa Bukoba. Wapo watawala waliompima mgeni kwa mkuki. Kahigi wa Kianja alimpima kwa akili. Nchi yake haikuwa kubwa, na majirani zake walikuwa na nguvu kuliko yeye. Aliona kwamba bunduki za mgeni zingeweza kumfanyia kazi ambayo mikuki yake isingeifanya. Akashikamana na Wajerumani, akawatumikia, akawatumia, na nchi yake ikapanuka kwa hasara ya jirani zake. Alitawala mpaka alipokufa mwaka 1916, akiwa miongoni mwa watawala wenye nguvu kuliko wote Buhaya.

Nani alikuwa mchezaji, na nani alikuwa kete? Wajerumani, ambao mwaka 1906 waliifanya Bukoba makao ya Residenti ili watawale kwa kupitia watawala wa asili, waliamini kwamba wanamsogeza Kahigi. Hapana shaka Kahigi aliamini kwamba anawasogeza Wajerumani. Kila mmoja alikuwa na haki kwa nusu. Mchezo wa ubaoni hauwezi kuonyesha jambo hilo, kwa kuwa ubao hutaka mkono mmoja juu ya kila kete. Lakini hilo ni kosa dogo. Kosa kubwa la ubao ni kwamba humaliza hadithi pale ambapo nchi inabadili rangi. Katika Kianja na Ihangiro, ambako leo ni Muleba kwa sehemu kubwa, kubadili rangi kulikuwa mwanzo tu.

Mukama alikuwa na uwezo wa kumkatia mtu wake nyarubanja, yaani eneo la vibanja pamoja na watu waliokwisha kukaa humo. Desturi ilikuwapo kabla ya Wajerumani, lakini chini ya ulinzi wao ilipata kukua, na mtumishi mwaminifu alilipwa kwa ardhi iliyokuwa na wenyewe. Mkulima hakuhamishwa. Alilala jana akiwa na kibanja cha baba yake, akaamka leo akiwa mtu wa bwana, na mazao aliyokuwa akiyala akawa anayagawa. Migomba ilikuwa ile ile, buni ile ile, makaburi ya wazee yakiwa pale pale chini ya kivuli. Kilichobadilika ni nani mwenye kudai. Kibanja kile kilipita kutoka kwa Mjerumani kwenda kwa Mwingereza, kikaona vita viwili vya dunia, na mzigo wa nyarubanja ukaendelea kubebwa. Sheria ya kuwakomboa wakulima hao ilitungwa na Tanzania huru mwaka 1965.

Msomaji na ahesabu. Kwa muda wa miaka zaidi ya 60, kuna watoto waliozaliwa, wakaoa, wakazeeka na kuzikwa wakilipa deni la ushindi ambao hawakuushinda wala hawakuushindwa, maana hawakuwamo. Ushindi wa Kahigi ubaoni ungekuwa dakika chache: miungano, vita, nchi mpya, mchezaji atabasamu. Ushindi ule kibanjani ulikuwa mkungu wa ndizi kila mwaka. Anayesema kwamba mchezo humfundisha kijana jinsi nchi inavyotwaliwa, na amwonyeshe mahali ambapo mchezo humfundisha kodi hiyo.

Mara ya pili Bukoba ilichezewa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Tarehe 20 Juni 1915 jeshi la Waingereza lilipakiwa kwenye meli za ziwani huko Kisumu, likaongozwa na Brigedia Jenerali Stewart kuvuka Ziwa Viktoria. Shabaha ilikuwa mnara wa simu ya upepo ambao kwao Wajerumani wa Bukoba walikuwa wakipelekeana habari na wenzao. Askari walishuka kaskazini ya mji alfajiri ya tarehe 22, wakapigana siku ile na siku ya pili, wakautwaa mji, wakauangusha mnara. Miongoni mwao alikuwamo Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, mwenye umri wa miaka 63, na wenzake wa kikosi cha wachunga mipaka. Kisha mji ukaporwa kwa ruhusa, majengo yakachomwa moto, na jeshi likarudi melini. Wajerumani wakabaki watawala wa nchi ile mpaka mwaka uliofuata.

Vitabu vya vita hupenda kulitaja tukio hili kama pigo la ustadi katika kampeni iliyokuwa na mapigo machache ya ustadi. Kwa sheria za ubao ni kweli: kete ikavuka maji, ikala, ikarudi kwake salama. Lakini mji si kete. Mji ulioporwa ulikuwa na wachuuzi wake, mafundi wake, wapishi wake, wanawake waliokuja sokoni na ndizi. Hawakuwa na simu ya upepo, wala hawakuwa na neno katika ugomvi wa Berlin na London. Aliyekuja kuwapiga Wajerumani alikuja na akaondoka. Mjerumani alikuwapo na akabakia. Na wenyeji walikuwapo kabla ya wote wawili na ilibidi wajenge upya. Katika hesabu ya Waingereza siku ile kulikuwa na waliokufa na waliojeruhiwa, wao na adui. Safu ya tatu ya hesabu haikuwako.

Safu hiyo ilikosekana katika kampeni yote. Vita vya Afrika ya Mashariki vilichukuliwa mabegani mwa wapagazi, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba wapagazi wapatao 95,000 wa upande wa Waingereza peke yao walikufa, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la kikosi chao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam, ambapo maelfu hupita kila siku wakinunua nguo na vyombo bila kukumbuka kwamba wanatembea juu ya jina la wafu. Katika michezo ya kompyuta kazi ya watu hao huitwa ugavi, nao ugavi huonyeshwa kwa tarakimu pembeni mwa kioo. Tarakimu ikipungua mchezaji hukunja uso kidogo. Huo ndio msiba wote alioutambua.

Mara ya tatu ndiyo iliyo karibu, na mashahidi wake wangali wanatembea barabarani. Mwezi Oktoba 1978 ndege za Uganda ziliitupia Bukoba mabomu, na wakazi wengi wakaukimbia mji. Mwisho wa mwezi ule majeshi ya Idi Amin yakaingia na kuikalia nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, na mnamo tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba sehemu hiyo imekuwa ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Raia wakauawa, wanawake wakanajisiwa, mifugo ikaswagwa kuvuka mpaka kwa maelfu, nyumba zikang'olewa hata mabati. Katikati ya mambo hayo Amin alitoa shauri kwamba yeye na Nyerere wamalize ugomvi kwa kupigana ndondi, na Muhammad Ali awe mwamuzi.

Ulimwengu ulicheka, na wako wanaocheka hata leo. Lakini shauri lile lilikuwa usemi wa ubaoni uliosemwa bila haya. Mtu ambaye askari wake wako kibanjani mwa wengine aliiona nchi kuwa ni watu wawili na ulingo. Wale waliokuwa wakivuka mto usiku na watoto migongoni hawakuwamo katika ulingo ule, kama vile hawakuwamo katika ramani ya Reisswitz.

Itakuwa rahisi kuishia hapo na kumwachia Amin lawama yote, lakini hoja isiyowagusa wa kwetu ni hoja ya woga. Tanzania ilikuwa na haki ya kujikinga, na haki hiyo haina mjadala hapa. Hata hivyo askari wa Tanzania walipoitwaa Mutukula mwezi Januari 1979, mji ule ulibomolewa na raia wakauawa. Na Masaka ikapigwa mizinga mwezi Februari, kisasi cha Kagera kikiwa wazi katika vifusi vyake. Nyerere aliposikia habari za Mutukula alishtuka, akaamuru raia wasidhuriwe. Amri ile yastahili kuheshimiwa kwa sababu ilitolewa na mtu aliyekumbuka kwamba chini ya kete kuna mtu. Lakini ilihitajika, na jambo linalohitaji amri ni jambo lililokwisha kutokea. Mzee wa Masaka aliyepoteza nyumba hakuulizwa kama alimpenda Amin. Ubaoni alikuwa wa rangi ya adui, na rangi ilitosha.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Ubaoni mchezo ungekwisha hapo, na nyimbo zikapigwa. Tanzania ilishinda, na ushindi ukaletwa nyumbani kama mzigo. Gharama hukadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 500, katika nchi maskini ambayo ilikuwa bado inajenga madarasa. Wananchi waliombwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1980 wanakumbuka kwamba mikanda haikufunguliwa katika mwezi wa kumi na tisa: foleni za sabuni, sukari iliyogawiwa kwa vijiko, vitenge vilivyotafutwa mpaka mpakani. Mkoa wenyewe, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ulipewa jina la Kagera, na hivyo kila mtoto anayezaliwa Muleba huandikiwa katika cheti chake jina la mto uliovukwa na vita.

Kisha ukafuata msiba mwingine. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi waliotambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa huo huo wa Kagera. Wataalamu wamejadiliana juu ya kiasi gani mwendo wa majeshi, biashara ya magendo na uhaba wa miaka ile ulichangia kuenea kwa maradhi, na haifai kuamua hapa jambo ambalo wao hawajaliafiki. Ila lipo moja lisilo na mjadala: maradhi yalikuta nchi iliyokwisha kuchoka. Vibanja ambavyo askari hawakuviharibu viliachiwa bibi na wajukuu. Hakuna ubao uliopata kutengenezwa wenye mahali pa bibi wa miaka 70 anayepalilia migomba ya wanawe waliokufa ili watoto wao wapate kula.

Watetezi watasema: mnaudai mchezo usichoweza kutoa, mchezo ni mchezo tu. Jibu hilo lingekubaliwa mara moja kama wao wenyewe wangeliridhia. Lakini husema ni mchezo tu wanapolaumiwa, na husema ni shule wanapotaka kusifiwa. Na wachague. Ukiwa mchezo, kijana na acheze apumzike, wala asipewe cheti. Ukiwa shule, basi shule hiyo na iulizwe maswali ambayo shule zote huulizwa: inafundisha nini, na inaficha nini.

Wengine watasema kwamba hata wazee wetu walicheza vita, maana bao nalo ni mapigano. Naam, bao ni mapigano, na yafaa litazamwe kwa makini kabla ya kutajwa kuwa shahidi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Wachezaji wawili hukaa uso kwa uso, na watazamaji huwazunguka wakicheka, wakikosoa na kutania. Mchezaji hula kete za mwenziwe. Lakini kete iliyoliwa haitoki ubaoni. Huchukuliwa ikapandwa upande wa mlaji, ikaendelea kucheza, na kwa zamu ijayo huenda ikarudi ilikotoka. Kete ni 64 mchezo unapoanza na ni 64 unapokwisha. Anayeshindwa ameishiwa nguvu ya kusogea, na hapana kilichoangamizwa. Jamaa yake aitwaye omweso, achezwaye Uganda na mashimo 32 vilevile, ana desturi hiyo hiyo: kilicholiwa hupandwa.

Mtu asidhani kwamba waliolitunga bao walikuwa malaika. Falme za Maziwa Makuu zilikuwa na omweso na zilikuwa na uvamizi, na pwani ilikuwa na bao na ilikuwa na utumwa. Mchezo mwema hauzai watu wema, kama vile mchezo mbaya hauzai wauaji. Lakini bao lina unyofu ambao ubao wa dola hauna. Halijidai kuwa nchi. Shimo lake halikupewa jina la Ihangiro, wala kete yake haikuitwa kikosi. Mzee akiinuka barazani baada ya kushinda mara tatu, haendi nyumbani akidhani amejifunza habari za Kyamutwara. Amemshinda jirani yake, na jirani atamdai kesho.

Kwa hiyo hakuna haja ya kupiga marufuku kitu chochote. Serikali iliyojaribu kuzuia michezo ya vijana ingekuwa inapigana na kivuli, na wenye hatia wangebaki kwenye mimbari zao. Marekebisho yanayotakiwa ni katika ufundishaji wenyewe, na hapo wasomi hawawezi kumnyoshea kidole mtengeneza michezo bila kujiangalia. Ni mara ngapi mwanafunzi wa chuo hupewa ramani ya mishale, akaambiwa ataje sababu tano za vita na matokeo sita, akapata alama zote bila kumtaja mtu mmoja? Ni mara ngapi mtihani umeuliza Wajerumani waliitwaaje Buhaya, na usiulize mkulima wa Kamachumu alianza kumlipa nani mwaka uliofuata? Kijana aliyefundishwa hivyo darasani hakudanganywa na mchezo. Aliukuta mchezo ukisema lugha ya mwalimu wake, nao una rangi nzuri zaidi.

Dawa haiko mbali. Kila kijiji cha Bukoba na Muleba kina watu walioukimbia mto mwaka 1978, na kina wajukuu wa waliotozwa nyarubanja. Mafaili ya kesi za ardhi yapo, nyimbo za enanga zimekusanywa na kuchunguzwa na wasomi kama Mulokozi, na vizazi vya zamani vilijua kuimba vita kwa majina ya watu, mama zao na wake zao. Mwanafunzi mmoja akipewa kazi ya kuandika ushindi wa Kahigi kwa kuanzia katika kibanja kimoja, aulize nani alikuwa na migomba ile mwaka 1890, nani aliidai mwaka 1910 na ilirudi kwa nani baada ya mwaka 1965, atakuwa amejifunza vita vya dola kuliko aliyeitawala Karagwe ya kiooni kwa karne nne. Tena atakuwa amejifunza kuona mbele kweli kweli, maana ataona kwamba kila nchi inayobadili rangi ina mtu chini yake anayeamka asubuhi na kuulizwa mkungu.

Usiku kijana na afungue kompyuta yake, atangaze vita, aangushe dola. Asubuhi, akipita kwenye kibanja cha bibi yake kwenda chuoni, asiambiwe na mwalimu yeyote kwamba alichokishinda usiku kilikuwa nchi.